Kitambaa Kilichonasa Kwenye Waya

Mkaguzi yule alikuja na vitu vitatu: tochi, rula fupi ya chuma, na kipande cha kitambaa cha pamba kilichochanwa kutoka kwenye shuka kuukuu. Sisi tulizoea wakaguzi wenye mafaili. Akachuchumaa gatini, akaukamata waya wa slingi, ule wa kufungia mzigo na kuuning'iniza kwenye kulabu, kwa kile kitambaa, akawa anauvuta taratibu kutoka kitanzi kimoja kuelekea kingine. Kitambaa kikanasa. Akakinasua, akaendelea, kikanasa tena. Kiliponasa mara ya nne akasimama, akatutazama mmoja mmoja, akauliza bila kupandisha sauti: "Nani kati yenu alikuwa hajui?"

Tulikuwa watu 12. Hakuna aliyejibu.

Siku mbili kabla ya hapo, usiku, waya uliokuwa pacha wa huo ulikatika tukishusha nondo, na mwenzetu akapoteza mguu. Ilikuwa 1994. Mimi nilikuwa na mwaka wa tano bandarini, kibarua, kazi yangu kufunga slingi ndani ya tumbo la meli. Nimestaafu sasa, na katika miaka yote niliyokaa kwenye kazi ile sijapata swali lililonifundisha kama lile la mkaguzi. Naandika kwa ajili ya vijana walioko magatini leo, na kwa ajili ya wanaowaajiri.

Kwanza nieleze usiku wenyewe. Meli ilikuwa ya mizigo mchanganyiko, inapakua kwa winchi zake yenyewe, na slingi zilikuja nayo. Matita ya nondo yalikuwa marefu, mita 12, yamepakwa kutu na mafuta. Kwenye slingi ya tatu au ya nne glavu yangu ya kushoto ilichanika. Nikaangalia kwa mwanga wa taa ya tumboni, nikaona waya umeota miiba. Ndivyo tulivyoita zile nyuzi nyembamba zinapokatika na kuchomoza nje. Nikamwonyesha aliyekuwa karibu nami. Akatikisa kichwa tu, akaendelea kufunga. Nami nikaendelea kufunga.

Kwa nini sikupanda ngazi kwenda kumwambia nyapara? Asiyewahi kuwa kibarua ataona ni uzembe. Wakati ule alfajiri tulikusanyika getini mamia, na mtu wa kampuni iliyotukodisha alitembea mbele yetu akinyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Hakuna mkataba, hakuna daftari lenye jina lako la kesho. Aliyejulikana kuwa "msumbufu" hakufukuzwa, maana hakuwa ameajiriwa. Kidole kilimruka tu. Kikikuruka siku tatu mfululizo, nyumbani wanajua kabla hujafungua mdomo. Vibarua wa bandari ya Dar es Salaam waligoma Julai 1939 kwa sababu ya hali zao, na bado sisi, zaidi ya miaka 50 baadaye, tulikuwa tunasubiri kidole.

Slingi iliyokatika ilikuwa na miguu miwili, yaani nyaya mbili zinazoshuka kutoka kulabu moja. Jambo ambalo hakuna aliyewahi kutufundisha ni hesabu ya pembe. Ukining'iniza tita la tani 3 kwa nyaya mbili zilizoshuka wima, kila waya unabeba tani moja na nusu. Zikitanuka hadi digrii 120, kama paa la nyumba lililolala, kila waya unabeba tani 3 kamili, yaani kama vile uko peke yake. Mzigo haukuongezeka hata kilo moja, lakini waya umezidiwa mara mbili. Sisi kwa matita marefu tulitanua slingi kadiri tulivyoweza ili mzigo usiyumbe, tukiamini tunafanya vizuri. Waya uliokwisha kuliwa na miiba, ukaongezwa pembe ya namna ile, haukuwa na njia ila kukatika.

Aliyekuwa chini ni kijana wa Mkuranga, ameoa mwaka huo huo. Alikuwa anaelekeza tita kwa mikono, kama sote tulivyofanya, badala ya kulivuta kwa kamba ya kuongozea akiwa mbali. Tita lilianguka upande mmoja, likamkandamiza juu ya goti. Sitaeleza zaidi.

Ila nieleze tulivyomtoa, kwa sababu hapo pia pana somo. Machela haikuwepo. Ngazi ya tumboni ilikuwa wima, ya chuma, na baadhi ya vipago vyake vimepinda. Kumbeba mtu mgongoni isingewezekana. Tukamlaza kwenye jukwaa la mbao la kubebea magunia, tukamfunga kwa kamba, tukapitisha slingi iliyobaki, na winchi ikampandisha. Nilipanda naye, nimemshika kichwa. Tulikuwa tumening'inia kwenye ule waya ambao siku mbili baadaye ulinasa kitambaa cha mkaguzi mara nne.

Wakubwa wa meli walileta kitabu. Ndani yake kila kitu kilikuwa sawa: winchi zimejaribiwa, slingi zimechunguzwa, tarehe haijapita, mhuri upo. Mkaguzi alikisoma chote kwa makini, hakukidharau. Kisha akatueleza jambo ambalo baadaye nilikuja kulisoma mwenyewe. Mkataba namba 152 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 1979 mahsusi kwa kazi za bandarini, na ambao Tanzania iliuridhia 1983, hauzungumzii ukaguzi wa aina moja. Upo upimaji: kifaa cha kunyanyulia kinajaribiwa kwa mzigo kabla hakijaanza kutumika na baada ya kufanyiwa marekebisho makubwa, na vifaa vya meli vinarudiwa angalau kila miaka 5. Upo uchunguzi wa kina, unaofanywa na mtu mwenye ujuzi angalau mara moja kila miezi 12. Na upo ukaguzi wa kawaida wa slingi, kulabu, minyororo na pingu zake, ambao unafanyika mara kwa mara na kabla ya kutumia. Kitabu cha meli kilishuhudia aina mbili za kwanza. Ile ya tatu haikuwa na shahidi.

Na ndiyo iliyotuhusu. Waya wa slingi unaofunga nondo unaweza kuzeeka kwa majuma machache. Mhuri wa Januari haujui chochote kuhusu Machi. Baada ya miaka mingi naamini hivi: tumeweka nguvu nyingi kwenye ukaguzi unaolipiwa ada na kupigwa mhuri, tukaudharau ule unaohitaji dakika 5, macho, na kitambaa.

Akatufundisha kuhesabu. Kanuni za zamani za godi, yaani bandari, za Waingereza, za 1934, zilikuwa na kipimo ambacho hata asiyesoma sana anaweza kukishika. Chukua unene wa waya, zidisha mara 8, ndani ya urefu huo hesabu nyuzi zilizokatika zinazoonekana. Zikizidi asilimia 10 ya nyuzi zote, waya huo hautumiki. Waya wetu ulikuwa wa milimita 20, wenye misokoto 6, kila msokoto nyuzi 19, jumla nyuzi 114. Mara 8 ya unene ni milimita 160, haifiki shibiri. Ndani ya urefu huo, nyuzi 12 zikikatika, waya umekwisha. Alinipa rula nipime mwenyewe. Nilihesabu hadi 17 nikaacha.

Na usitumie mkono mtupu, alisema. Kitambaa kinanasa bila kutoka damu.

Nilipata ajira ya kudumu miaka michache baadaye, nikawa mtoa ishara, yule anayesimama kwenye ukingo wa mdomo wa tumbo la meli na kumwongoza mwendesha winchi kwa mikono. Mwendesha winchi mara nyingi haoni chini. Macho yake ni wewe. Kazi ile ilinifanya nijali vitu ambavyo wengine wanaviona vidogo: nani amesimama wapi, je uzio wa ukingo umesimamishwa, je mbao za sitaha zina mafuta. Nikachaguliwa kuwa mwakilishi wa usalama wa wenzangu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 ilipokuja, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ukiwa umeshaanzishwa 2001, tulipata pa kushika. Kulikuwa na wakaguzi wenye mamlaka ya kuingia, kuuliza, na kusimamisha kazi. Niseme wazi kwamba niliwapenda watu wale. Wapo waliokuja saa nane za usiku, bila taarifa, wakati ambapo bandari inaonyesha sura yake halisi.

Lakini kwenye vikao vyetu kulikuwa na viti ambavyo havikuwepo. Sote tuliokaa mezani tulikuwa wa kudumu. Waliokuwa wakifunga slingi chini, waliokuwa wakibeba magunia ya mbolea, waliokuwa wakikoroga vumbi la salfa inayopita kwenda Zambia na Kongo, macho yakiwawasha mpaka asubuhi, hao walikuwa vibarua. Tulijadili usalama wao bila wao. Nilikaa kwenye vikao hivyo miaka kadhaa kabla sijaliona hilo.

Aliyenifumbua macho ni yule kijana wa Mkuranga, ambaye hakuwa kijana tena. Nilimtembelea Mbagala 2005. Alikuwa na genge la mkaa na mboga, watoto watatu, mguu wa bandia anaouvua akikaa. Fidia aliyoipata ilikuwa ya sheria ya zamani, ya wakati wa ukoloni, na iliisha kabla kidonda hakijapona. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi 2015, akiwa ameshakaa miaka 21 na mguu mmoja. Ningependa sana angekuwa ameumia chini ya mpango ule, kama neno hilo linaruhusiwa kusemwa.

Nilikwenda na jambo moja moyoni. Baada ya chai nikamwambia: "Kaka, usiku ule mimi niliuona ule waya. Ulinichania glavu. Sikusema."

Alikuwa anapanga nyanya mafungu mafungu. Hakunitazama. "Na mimi niliuona," akasema. "Slingi ya pili tu, niliuona. Ningemwambia nani?"

Tukakaa. Mteja akaja, akapimiwa mkaa, akaondoka. Nilikuwa nimeibeba siri yangu miaka 11 nikidhani ni yangu peke yangu. Njiani nikirudi, ndani ya daladala, nilikumbuka swali la mkaguzi na wale watu 12 walionyamaza. Sote tulijua. Ujuzi ulikuwepo pale chini, tena wa kutosha, ila haukuwa na njia ya kupanda ngazi.

Kikao kilichofuata nilipendekeza mambo ambayo sikuyatunga mimi, yanatumika bandari nyingi, ila kwetu yalikuwa mapya. La kwanza, kila zamu ianze na dakika 10 za gengi zima, yaani kikundi chote cha zamu, kusimama mbele ya vifaa, vibarua wakiwemo, na kila mtu akamate slingi atakayoitumia. Meneja mmoja aliuliza dakika 10 mara watu 100 ni saa ngapi za kazi. Nilimjibu kwamba usiku wa ajali ile gati ilisimama hadi mchana wa pili. Likapita.

La pili, rangi. Vifaa vyote vilivyochunguzwa na mtu mwenye ujuzi vinapakwa rangi ya kipindi hicho, tuseme kijani, na kipindi kinachofuata njano. Slingi yenye rangi ya zamani haiingii kwenye kulabu. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayehitaji kusoma cheti cha Kiingereza. Mtu aliyeingia bandarini leo asubuhi kwa mara ya kwanza, kutoka Rufiji, anajua rangi ya leo ni ipi kwa kutazama ubao wa getini, na anaweza kumwambia nyapara "mzee, hii ni ya kijani", wakati rangi ya leo ni njano. Niliwahi kumsikia kijana akisema hivyo, na nyapara akaitupa ile slingi pembeni bila maneno. Nilifurahi siku nzima.

La tatu lilikuwa kuharibu. Waya uliokataliwa ukatwe vipande siku hiyo hiyo mbele ya mashahidi. Hili lilipingwa kuliko yote, maana waya ni mali. Ila nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu slingi tulizozikataa mchana zikirudi usiku, kwa sababu zile mpya zimepelekwa meli nyingine na kazi haingoji. Kifaa kibovu kilichowekwa stoo ni kama nyoka aliyefungiwa chumbani.

La nne ndilo lililochukua muda. Tulitaka iandikwe kwamba mtu yeyote, hata kibarua wa siku moja, akiona hatari anaweza kusimamisha mzigo, na kwamba jina lake haliondolewi kwenye orodha ya kesho kwa sababu hiyo. Iliandikwa. Kuandika hakukutosha. Mara ya kwanza kibarua aliposimamisha mzigo, siku iliyofuata hakuitwa. Tukaenda sisi wajumbe getini alfajiri, tukasimama, tukauliza yuko wapi yule wa jana. Tukarudi kesho yake tena. Siku ya tatu akaitwa. Chama cha wafanyakazi kilisimama nasi, na bila wao nisingethubutu. Ndiyo maana nasema kwa moyo wote: bandari isiyompa kibarua uhakika wa kesho haiwezi kuwa salama, hata ikinunua helmeti za dhahabu. Kiatu cha chuma, kizibao cha kung'aa na glavu ni vya lazima, lakini nondo za tani 3 hazizuiwi na helmeti. Zinazuiwa na mtu anayesema "simama" kabla hazijanyanyuliwa.

Leo kazi imebadilika. Makontena yamepunguza watu chini ya mizigo inayoning'inia, na hilo ni jema. Tangu Julai 1, 2016 kontena haipakiwi melini bila uzito wake kuthibitishwa, kwa kanuni za kimataifa za usalama wa maisha baharini. Tuliowahi kuona kontena lililoandikwa tani 12 likiigomea kreni kama lina tani 25 tunajua thamani ya kanuni hiyo. Hatari imehamia kwingine: kuanguka kutoka juu ya makontena wakati wa kufunga na kufungua vyuma, na zaidi ya hapo, magurudumu. Mashine inayopanga makontena, ikibeba kontena mbele, dereva wake haoni mtu aliye karibu. Kijana wa dada yangu anafanya kazi huko. Nikimwona jioni simuulizi amelipwa ngapi, namuuliza kama njia ya watembea kwa miguu bado imechorwa au imefutika. Ikifutika, nataka kujua nani ameambiwa.

Wiki yangu ya mwisho kazini tulipewa meli ya ngano. Nafaka iliyofungiwa safarini inapumua, inakula hewa, na dawa ya kuua wadudu inaweza kuwa bado imo. Mtu anateremka ngazi, anaanguka, mwenzake anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 20.9, na pua haiwezi kukuambia ikipungua. Tukaomba kipimo. Nyapara, kijana mdogo, alikuwa na haraka, malori yamejipanga hadi nje ya geti. Ofisa wa meli akateremsha mrija kwenye njia ya ngazi, akanionyesha namba: 17.

Nikamwambia nyapara, "Mwanangu, hatushuki." Akanitazama, akatazama malori, kisha akawageukia vibarua na kuwaambia wakae.

Wakafungua mifuniko yote, upepo ukaingia. Mama lishe wa upande ule alikuwa bado na birika. Tulikunywa chai gatini, wa kudumu na vibarua, tukitazama mrija unashuka na kupanda, hadi kipimo kilipofika 20.9 na kile cha dawa kikasoma sifuri. Ndipo wa kwanza akashika ngazi.